Kocha mbanaji maneno na kwotabeki wa drafti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Belichick na Patriots

Bill Belichick aliwafundisha New England Patriots, timu ya ligi ya NFL, kuanzia 2000 hadi Januari 2024, akatwaa Super Bowl (fainali ya ubingwa) 6, na kwa miaka yote hiyo aliwabania waandishi wa habari maneno. Mashabiki wa futiboli ya Kimarekani bado wanabishana: je, kubana huko kuliwakinga vijana aliowachagua kwenye drafti, yaani mgawanyo wa wachezaji wa vyuo, kucheza kama kwotabeki, mrushaji mkuu wa mpira, au kuliwamaliza?

Msimamo wetu ni huu. Sura ya kocha mbele ya maiki haimjengi kijana wala haimbomoi. Kinachomjenga ni mwalimu anayekaa naye kila siku, na kuambiwa mapema, ndani ya kambi, kama ataanza au hataanza. Majibu yaliyo hapa chini yanaeleza kwa nini.

Kwotabeki anafanya nini hasa, mbona lawama zote zinamwangukia yeye?

Karibu kila shambulizi linapitia mikononi mwake. Ndani ya kofia yake kuna redio ndogo, na kocha anayepanga mashambulizi humtajia mpango kupitia hapo. Saa ya kuanzisha mchezo huhesabu sekunde 40 kurudi nyuma, na ikibaki 15 redio inakatwa. Kuanzia hapo yuko peke yake: anawasoma mabeki wamesimamaje, anabadilisha mpango ikibidi, anapokea mpira, kisha ana takriban sekunde 3 za kuurusha kabla hajaangushwa.

Ndiyo maana anayemtajia mpango redioni ni mtu muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Kijana mgeni asiyemwelewa kocha wake hupoteza zile sekunde za mwanzo akitafsiri maneno kichwani, na mabeki hawamsubiri. Kumbuka jambo hili tutakapofika kwa Mac Jones, mmoja wa vijana hao wa Belichick.

Drafti inaendaje?

Ni mgawanyo wa wachezaji wanaotoka vyuo vikuu. Kuna timu 32 na raundi 7. Timu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita huchagua kwanza, na bingwa huchagua wa mwisho kwenye raundi. Mchezaji anaruhusiwa kuingia miaka 3 baada ya kumaliza sekondari. Timu zinaweza kuuziana nafasi, na timu iliyopoteza wachezaji waliomaliza mikataba yao inaweza kupewa nafasi za fidia kuanzia mwisho wa raundi ya 3.

Anayechaguliwa hana hiari ya timu. Huyo kijana hakuomba kwenda kwa kocha mkimya wala kwa kocha msemaji. Amepelekwa. Mashabiki wanaomzomea wakati mwingine husahau hilo.

Namba aliyochaguliwa inasema nini kuhusu uwezo wake?

Inasema timu ilikuwa tayari kulipa gharama gani, basi. Tom Brady, kwotabeki mkongwe wa Patriots enzi za Belichick, alichaguliwa namba 199 mwaka 2000, raundi ya 6, kwa nafasi ya fidia. Makwotabeki 6 walitangulia kuchaguliwa: Chad Pennington, Giovanni Carmazzi, Chris Redman, Tee Martin, Marc Bulger na Spergon Wynn. Brock Purdy alikuwa wa mwisho kabisa mwaka 2022, namba 262, na msimu huohuo akaifikisha San Francisco 49ers kwenye fainali ya kanda yao.

Lakini namba ina uzito wa aina nyingine. Wa raundi ya kwanza hupewa muda, kwa sababu uongozi unaona aibu kukiri kwamba umekosea. Wa raundi ya 4 akikosea mechi 2, safari imekwisha.

Mkataba wa kijana ukoje, na unahusianaje na mabishano haya?

Tangu makubaliano ya 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji, mshahara wa kijana hupangwa kwa kufuata namba aliyochaguliwa. Kabla ya hapo ilikuwa huria: Sam Bradford, namba 1 mwaka 2010, alisaini miaka 6 kwa dola milioni 78, milioni 50 zikiwa za uhakika. Mwaka mmoja baadaye Cam Newton, naye namba 1, alipata miaka 4 kwa takriban dola milioni 22.

Mkataba sasa ni wa miaka 4. Wa raundi ya kwanza, timu ina haki ya kuongeza mwaka wa 5, na lazima iamue mwanzoni mwa Mei baada ya msimu wake wa 3. Kwa hiyo kijana ana misimu 3 tu ya kuonyesha thamani yake. Msimu mmoja ukiharibiwa na benchi la ufundi, theluthi ya nafasi yake imekwenda na hairudi.

Kocha analazimika kuzungumza na waandishi?

Ndiyo. Sera ya ligi inamtaka kocha mkuu apatikane baada ya kila mechi na siku kadhaa za wiki ya mazoezi. Kwotabeki anayeanza naye ana siku yake ya wiki, pamoja na baada ya mechi. Anayekataa hutozwa faini: Marshawn Lynch wa Seattle Seahawks alitozwa dola 100,000 mwaka 2014.

Ila sera inalazimisha kufika, hailazimishi kujibu. Belichick aliielewa tofauti hiyo vizuri. Alifika, alisimama, alijibu kila swali kwa maneno machache, akaondoka.

Kwa nini alikuwa akijibu vile?

Sababu ya kwanza ni wapinzani. Kila timu ina watu wanaosoma manukuu ya makocha wengine wakitafuta dokezo: nani anaumwa, nani anabadilishwa nafasi. Kwa Belichick, kulijibu swali la mwandishi siku ya Jumatano ilikuwa kumwaga mtama kwenye kuku wengi.

Sababu ya pili ni wachezaji wake mwenyewe. Alitaka watu 53 wa kikosi waseme kitu kimoja, na akaanza na mdomo wake.

Sababu ya tatu haitajwi sana: tabia hii ilianza zamani. Alipokuwa Cleveland Browns, 1991 hadi 1995, alikuwa vilevile, na Novemba 1993 akamwacha Bernie Kosar, kwotabeki aliyependwa na mji mzima, akisema uwezo wake umepungua. Mji haukumsamehe. Cleveland hapakuwa na ushindi wa kutosha kuufunika ukavu ule. New England ulikuwepo. Kilichoitwa kiburi kule kikaitwa hekima huku, na mtu ni yuleyule.

Tena si kweli kwamba hakuwa msemaji. Aliyemuuliza habari za mpiga mpira wa mguu wa kushoto, jinsi mpira wake unavyozunguka kinyume na kumsumbua anayeudaka, alipata mhadhara. Baba yake, Steve, alikuwa kocha katika chuo cha jeshi la majini huko Annapolis, na mtoto alikulia kwenye kuchambua filamu za mechi. Waandishi wazoefu wa Foxborough, ulipo uwanja wa Patriots, walilijua hilo: uliza ufundi, utajibiwa, uliza hisia, utaambulia mguno.

“Tunakwenda Cincinnati” ilitokana na nini?

Jumatatu, Septemba 29, 2014, Patriots walichapwa 41–14 na Kansas City Chiefs. Brady, wakati huo ana miaka 37, alitolewa robo ya 4, akaingia Jimmy Garoppolo, aliyechaguliwa Mei mwaka huohuo, raundi ya 2, namba 62. Kijana akarusha pasi 7, zikafika 6, yadi 70, tachidauni moja (kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) kwa Rob Gronkowski. Usiku ule mwandishi akauliza kama nafasi ya kwotabeki itatathminiwa upya. Belichick akaguna kama anayecheka, akatikisa kichwa, akanyamaza.

Siku mbili baadaye, kila swali kuhusu umri wa Brady na kipigo cha Kansas City lilipata jibu moja: tunakwenda Cincinnati. Jumapili wakawafunga Bengals 43–17, na Februari 1, 2015 wakatwaa Super Bowl kwa kuwafunga Seahawks 28–24.

Mashabiki wanaikumbuka kama ukaidi mtamu. Itazameni kwa upande wa Garoppolo. Kijana wa miezi 5 kazini alikuwa anakaribia kufanywa fimbo ya kumchapia mkongwe. Kocha angesema neno moja tu la kumsifu, wiki nzima ingekuwa ya “Brady au Jimmy?”, chumba cha kubadilishia nguo kingegawanyika, na yeye ndiye angebebeshwa mzigo. Ukimya ule ulimkinga pia.

Mbona basi Garoppolo aliuzwa?

Kwa hesabu, wala si kwa ugomvi wa mdomo. Usiku wa kumchagua, Belichick alitoa moja ya majibu yake ya wazi kabisa: alitaja umri wa Brady na hali ya mkataba wake. Mpango ulikuwa wa kurithiana. Marehemu akakataa kufa, kama wasemavyo: Brady akaendelea kushinda akiwa na miaka 39 na 40.

Mwaka 2016 Brady alifungiwa mechi 4. Garoppolo akaanza 2, akaumia bega dhidi ya Miami Dolphins, na Jacoby Brissett, wa raundi ya 3 namba 91, akamalizia; timu ikashinda 3 kati ya 4. Kufikia mwishoni mwa Oktoba 2017 mkataba wa Garoppolo ulikuwa umebakiza miezi tu, na kumlipa kama mwanzaji akiwa benchini hakuwezekani chini ya ukomo wa mishahara. Akapelekwa 49ers kwa nafasi moja ya raundi ya 2. Siku ile Belichick alizungumza kirefu kuliko kawaida yake, akamsifu kijana, akaeleza kwamba hali ile isingeweza kuendelea. Februari 2018 Garoppolo alisaini miaka 5, dola milioni 137.5, na msimu wa 2019 akafika Super Bowl.

Kijana aliyenyamaziwa miaka 3 na nusu aliondoka akiwa mzima na tajiri. Wanaosema ukimya wa Belichick unaua makwotabeki wanapaswa kuanza kwa kulijibu hilo.

Na Mac Jones? Aliharibiwa na nani?

Hapa ndipo penye uchungu. Jones, kutoka Alabama, alichaguliwa namba 15 mwaka 2021, wa 5 kati ya makwotabeki 5 wa raundi ya kwanza. Agosti 31 Cam Newton, aliyekuwa kwotabeki wa Patriots wakati huo, aliachwa, Jones akapewa usukani. Mechi 17, yadi 3,801, tachidauni 22, pasi 13 zilizonaswa na wapinzani, timu ikashinda 10 na kufika mtoano. Kulikuwa na usiku wa Desemba 6 kule Buffalo ambapo upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba alirusha pasi 3 tu mechi nzima, na wakashinda 14–10. Hakulalamika.

Kisha Josh McDaniels, aliyekuwa akimpangia mashambulizi, akaondoka Januari 2022 kwenda kuwa kocha mkuu wa Las Vegas Raiders. Belichick akawakabidhi kazi Matt Patricia na Joe Judge, Patricia akiwa ndiye anayetaja mipango. Patricia alijulikana kwa ulinzi, Judge kwa vikosi maalumu vya mipira ya miguu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa mratibu wa mashambulizi kwenye ligi hii. Rudini kwenye ile redio ya kwenye kofia: sauti imebadilika, lugha imebadilika, na anayezungumza naye anajifunza.

Msimu wa 2022 Jones alirusha tachidauni 14 na kunaswa 11. Mwaka 2023 akaja Bill O'Brien, mtajaji wa 3 katika miaka 3: tachidauni 10, kunaswa 12, timu ikamaliza 4–13, yaani ushindi 4 na vipigo 13. Machi 2024 akauzwa Jacksonville Jaguars kwa nafasi ya raundi ya 6.

Kwa hiyo jibu ni hili: alivunjwa na uamuzi wa benchi la ufundi wa 2022. Sauti kavu ya kocha mbele ya waandishi ilikuwepo pia 2021, mwaka aliofanya vizuri.

Lakini usiku wa Chicago Bears je? Ule haukuwa ukimya uliomuumiza?

Ulikuwa, na hapa wanaomlaumu Belichick wana hoja. Jones aliumia kifundo cha mguu Septemba 25, 2022. Kwa wiki kadhaa kocha alirudia neno lilelile: siku kwa siku. Akarudi Jumatatu, Oktoba 24, uwanja wa nyumbani. Akarusha pasi 6, zikafika 3, yadi 13, moja ikanaswa na Jaquan Brisker. Bailey Zappe, kijana mwenzake wa raundi ya 4 namba 137, akaingia huku uwanja ukiimba jina lake. Bears wakashinda 33–14.

Baada ya mechi Belichick akasema ulikuwa mpango kuwatumia wote wawili. Ila watu wa uwanjani hawakuwa wameambiwa. Walichoona ni kijana anayetolewa baada ya kosa, nao wakamhukumu hivyo. Sentensi moja siku ya Ijumaa, “wote wawili watacheza”, isingewapa Bears faida kubwa, na ingemwepusha Jones na aibu mbele ya watu wake.

Kutotangaza nani ataanza kunaisaidia timu kweli?

Kidogo sana, tena pale tu ambapo makwotabeki wawili wanacheza tofauti kabisa, mfano mmoja mkimbiaji na mwingine wa kusimama na kurusha. Hapo mpinzani hulazimika kugawa mazoezi yake mara mbili. Wakifanana, mpinzani anajiandaa vilevile.

Gharama yake iko kwenye mazoezi yako mwenyewe. Kwa kawaida anayeanza hupata sehemu kubwa ya mazoezi na kikosi cha kwanza, na wa akiba huigiza mpinzani. Ukiwagawia nusu kwa nusu, hakuna anayezoea muda wa kukimbia wa wadakaji wake, na pasi zinachelewa kwa nusu hatua. Nusu hatua ndiyo tofauti ya kufika na kunaswa.

Novemba 2023 ilionyesha hivyo. Frankfurt, Novemba 12, Jones alitolewa mwishoni, Patriots wakapoteza 10–6 kwa Indianapolis Colts. Ikafuata wiki ya mapumziko, kocha akasema makwotabeki wote wawe tayari, hakutaja jina. Novemba 26 dhidi ya New York Giants akaanza Jones, akanaswa mara 2, akatolewa mapumzikoni, wakapoteza 10–7. Timu yenye ushindi 2 katika mechi 10 ilikuwa inaficha nini?

Nisomeje ripoti ya majeruhi wakati kocha hasemi?

Achana na kocha, soma karatasi. Kwa mechi ya Jumapili, ripoti hutoka Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, ikionyesha kila mgonjwa amefanya mazoezi kamili, nusu, au hakufanya. Ijumaa huongezwa hadhi: hachezi, shaka kubwa, au haijulikani. Zamani kulikuwa na ya 4, “huenda atacheza”, iliyofutwa 2016. Brady aliandikwa humo miaka mingi kwa ajili ya bega la kulia, na alikuwa akicheza kila wiki.

Angalia mwelekeo. Aliyetoka hakufanya, nusu, kamili, anacheza. Aliyetoka nusu akarudi hakufanya siku ya Ijumaa, ana tatizo. Orodha ya wasiocheza hutolewa dakika 90 kabla ya mechi, na hapo ubishi wote unakwisha.

Kocha anayezungumza sana si bora basi?

Jerod Mayo, aliyemrithi Belichick, alikuwa mchangamfu, na mashabiki walifurahi. Januari 2024 akasema redioni kwamba timu iko tayari kuchoma pesa kwenye usajili. Baadaye akalazimika kulilegeza neno hilo. Agosti akasema Drake Maye, namba 3 wa drafti ya 2024, amemzidi Brissett kambini. Siku chache baadaye akamtangaza Brissett kuwa mwanzaji.

Kumkalisha kijana nyuma ya mkongwe huku ukuta wa mbele unaomkinga kwotabeki ukiwa dhaifu ni uamuzi unaoeleweka. Ila alikwisha waambia watu kwamba aliye bora ni mwingine, kwa hiyo kila pasi mbovu ya Brissett ikawa kesi. Maye alianza mara ya kwanza Oktoba 13 dhidi ya Houston Texans. Wiki iliyofuata, London, walipofungwa 32–16 na Jaguars, Mayo aliiita timu yake laini. Januari 2025 alifukuzwa baada ya 4–13, akaja Mike Vrabel.

Nikisikiliza mkutano wa kocha na waandishi, nitege sikio wapi?

Tega kwenye mambo 3. Nani anataja mipango ya mashambulizi, na je, amewahi kuifanya kazi hiyo? Kocha akijibu “kwa ushirikiano”, shtuka. Ndivyo Foxborough walivyojibiwa 2022. Pili, akiulizwa kuhusu kosa la kijana, anaeleza kosa la mtu mmoja au anataja pia ukuta na wadakaji? Tatu, sikiliza wachezaji wanaofuata baada yake. Kwotabeki akionekana ameshangazwa na jambo alilosema kocha, taarifa haikupita ndani kwanza.

Uso wa kocha, nguo yake iliyokatwa mikono, na idadi ya maneno, viache.

Nipo Afrika Mashariki. Mechi na drafti ni saa ngapi?

Mechi za Jumapili saa 7 mchana za mashariki ya Marekani huanza saa 2 usiku Nairobi na Dar es Salaam. Marekani wakirudisha saa nyuma mwanzoni mwa Novemba, zinakuwa saa 3 usiku. Zile za jioni ni saa 5:25 usiku, kisha saa 6:25. Mechi ya Jumapili usiku ni Jumatatu saa 9:20 alfajiri kwetu, au saa 10:20 baada ya mabadiliko. Raundi ya kwanza ya drafti, Alhamisi ya mwishoni mwa Aprili, huanza saa 9 usiku wa kuamkia Ijumaa. Waswahili wa Lowell na Worcester, Massachusetts, wako karibu na uwanja wenyewe wa Foxborough, na kwao drafti huanza saa 2 usiku.